Sisimizi huyu anayening'inia kwa uzi ni kiumbe gani?

Mpenda Bustani

Habari zenu, wanajukwaa. Kwenye ukuta ulio nyuma ya bustani yangu, mahali ambapo sisimizi weusi hupita kwa mstari kila asubuhi, nimekuwa nikimwona mmoja ambaye mwendo wake haufanani na wa wenzake. Umbo lake ni la sisimizi kabisa, lakini hafuati mstari. Husimama, hunigeukia ninapokaribia, kisha huruka, na mara nyingine hujiachia kutoka ukingoni mwa ukuta akining'inia kwa uzi mwembamba sana. Ningependa kujua ni kiumbe gani, na jinsi ya kumtazama kwa muda mrefu bila kumtisha, kwa kuwa kila nikisogeza simu ili nimpige picha hujificha ufani. Aidha, je, ni lazima nifagie kila utando ulio kwenye pembe za dari, au kuna ambao inafaa niuache niendelee kuutazama?

Hesabu Miguu

Karibu sana, ndugu. Kwa maelezo yako, huyo si sisimizi bali ni buibui anayejifananisha na sisimizi, na yaelekea ni wa jenasi ya Myrmarachne au jamaa zake wa karibu. Hao wote wamo katika familia ya buibui warukaji, Salticidae, yenye zaidi ya spishi 6,000.

Ukimpata ametulia, mhesabu miguu. Mdudu ana miguu 6 na vipapasio viwili kichwani, ilhali buibui ana miguu 8 na hana kipapasio hata kimoja. Huyu wako huinua miguu miwili ya mbele na kuitikisa hewani, ndiyo maana anayemtazama haraka huona miguu 6 na vipapasio, akaridhika. Mwili wake nao, ingawa kama wa buibui wote una sehemu kuu mbili tu, una mfinyo unaoufanya uonekane kuwa na sehemu tatu. Faida yake ni kinga: ndege na wawindaji wengine wengi huwaepuka sisimizi kwa sababu huuma na huja kwa wingi. Dume mara nyingi huwa na taya ndefu zinazochomoza mbele, hata akaonekana kama sisimizi aliyebeba mzigo mdomoni, jambo ambalo kwangu ni miongoni mwa mambo ya ajabu kabisa ambayo mtu anaweza kuyaona bila kutoka nyumbani.

Anakugeukia kwa sababu anakuona. Buibui warukaji wana macho 8, na mawili makubwa ya mbele huona vizuri kuliko ya buibui wengine karibu wote. Kwa hiyo tangulia kuketi karibu na ukuta kabla hajatokea, kivuli chako kisimwangukie, na simu iwe tayari mkononi ili usilazimike kuiinua ghafla. Uzi unaouona si wa kutegea mawindo. Warukaji huufunga mahali wanapotoka kabla ya kuruka, ili wakikosa waweze kupanda tena.

Kurunzi ya Usiku

Nijibu kuhusu tando. Utando uliojaa vumbi na usio na mwenyewe ufagie bila wasiwasi, kwani hakuna anayeutumia. Ule ambao buibui mwenye miguu mirefu myembamba ananing'inia ndani yake, kichwa chini, uache hata kwa kipindi kifupi. Uguse taratibu kwa unyasi, naye atautikisa mwili mzima kwa kasi hadi umbo lake lififie machoni pako.

Huko bustanini, tando za mviringo hutazamwa vizuri alfajiri, zikiwa na umande, ukisimama mahali ambapo mwanga unatoka nyuma ya utando. Nyuzi za fremu na zile zinazotoka katikati kama njiti za gurudumu hazinati. Unaonata ni ule unaozunguka, na ndio unaoshika mawindo. Buibui wengi wa aina hii huula utando wa zamani kabla ya kujenga mpya, kwa hiyo ukikuta mahali patupu, usidhani kwamba amehama. Rudi giza linapoingia.

Usiku, shika tochi usawa wa macho yako, karibu na paji la uso, kisha angaza nyasi polepole. Vinukta vinavyong'aa ardhini bila kutikisika huenda vikawa macho ya buibui mbwamwitu, ambaye hasubiri utandoni bali huwinda chini. Jike lake huburuta mfuko wa mayai nyuma ya mwili, na watoto wakianguliwa hupanda mgongoni mwake. Kumwona akiwa amewabeba kunastahili kila usiku utakaotoka bila kumpata.

Mlinda Viota

Ninakubaliana na waliotangulia, ila niongeze tahadhari moja: tazama kwa macho, usishike kwa mkono. Buibui wengi hawana madhara kwa binadamu, lakini wachache wana sumu kali, na hao hupenda kujificha chini ya mbao na mawe, kwa hiyo vaa glavu unapoviinua.

Usisahau pia kuangalia ukutani kama kuna viota vya udongo vya nyigu. Baadhi ya nyigu hao huwadunga buibui hadi wakapooza, wakawajaza katika vyumba vya kiota na kutaga yai moja katika kila chumba, ili buu likianguliwa lile nyama ambayo haijaoza. Kiota chenye tundu la mviringo mara nyingi kimeshaachwa na nyigu aliyekua, lakini kilichozibwa kote huenda kina buu ndani, nacho kisibomolewe. Andika tarehe ulipokiona kimezibwa, na ukikipita kila siku utajua ni lini tundu limetokea.

Mpenda Bustani

Ninawashukuru nyote. Leo nimeketi kabla sisimizi hawajaanza kupita, naye akatokea. Miguu ni 8, na taya hazikuchomoza, kwa hiyo huenda ni jike au dume ambaye bado hajakomaa. Je, kuna alama nyingine ya kuwatofautisha?

Hesabu Miguu

Ipo. Tazama viungo viwili vifupi vilivyo kando ya mdomo: kwa dume aliyekomaa, ncha zake huwa zimevimba. Piga picha ya uso kutoka mbele, utaviona.