Faini kwa mama anayejifungulia nyumbani: ibaki au ifutwe?

MJUMBE WA KIJIJI
Wadau, kijiji chetu kimepitisha sheria ndogo: mama akijifungulia nyumbani, mumewe analipa 50,000. Bila risiti, mtoto hapewi kadi ya kliniki. Nilinyoosha mkono kuunga mkono na sijutii, maana tangu tuanze wanakuja zahanati wengi. Wapo wanaosema tunawaonea maskini, nao nataka niwasikie. Ila kuhusu wakunga wa jadi sitafuni maneno: wametuulia dada zetu vya kutosha.

CHANDARUA
Mjumbe, chunga ulimi. Bibi yangu alizalisha kijiji kizima enzi ambazo zahanati ya karibu ilikuwa mwendo wa kutwa. Leo unamwita muuaji? Wewe mwenyewe ulipokelewa na mikono ya nani?

MJUMBE WA KIJIJI
Nilipokelewa na mkunga, ndiyo. Na dada yangu mkubwa alifia mikononi mwa huyo huyo, kondo la nyuma limegoma kutoka. Kwa hiyo usinifundishe heshima.

CHANDARUA
Pole kwa dada. Sikujua.

MAMA WAWILI
Hamjagusa kadi. Mtoto kakosa nini hata anyimwe kadi, akose na chanjo? Mimi wa kwanza nilijifungulia zahanati. Nilikuwa na miaka 19, uchungu umenishika nalia, nesi akaniuliza, "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulilia hivi?" Wenzangu kwenye vitanda wakasikia, na ndugu waliokaa nje wakasikia. Wa pili nikazalia kwa bibi. Hiyo faini yenu ningeilipa mara tatu kuliko kurudi pale.

NESI WA ZAMU
Haya, tumeshafika kwa nesi. Kila mjadala wa wajawazito lazima tutukanwe sisi. Dada, zamu ya usiku niko peke yangu. Mmoja anasukuma, mwingine nimeshamwandikia rufaa na gari halijafika, nje kuna mtoto anaharisha. Umeme ukikatika mlinzi ananishikia tochi. Mnamjua nani anayenipa pole mimi asubuhi?

MAMA WAWILI
Pole, tena ya dhati. Lakini gari sawa, umeme sawa, glavu sawa, vyote visubiri serikali. Kauli njema inasubiri bajeti ya nani?

KIJANA WA BONDE
Umegusa glavu. Sera ya Afya ya 2007 inasema huduma ya mjamzito ni bure. Mke wangu aliandikiwa glavu, pamba, uzi, mpira wa kulalia na sindano. Nimevinunua vyote dukani, halafu tukichelewa njiani akajifungulia kwenye bodaboda nilipe na faini? Ile zahanati isiyo na glavu inatozwa na nani?

MJUMBE WA KIJIJI
Ndugu zangu mnatoka nje ya mada. Vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa vizazi hai 100,000. Sheria kama zetu zimechangia.

MWALIMU WA HESABU
Mkuu, 556 ni ya utafiti wa kitaifa wa 2015-16 na 104 ni ya ule wa 2022. Tafiti hizo hazikupima faini. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria 238 kwa mwaka 2020, kwa hiyo hata ukubwa wa huo mshuko una mabishano. Katika miaka hiyo vituo vya afya vingi viliwekewa chumba cha upasuaji, na m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, ikaenea kuwakimbiza hospitali wazazi wenye dharura. Waliojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Vitoe hivyo vyote kwanza, kinachobaki ndicho uipe faini.

MJUMBE WA KIJIJI
Kwa hiyo unabisha hata tuzo aliyopewa Rais Samia Februari 2025 kwa ajili ya kazi ya kupunguza vifo hivyo?

MWALIMU WA HESABU
Nabisha faini yako. Tuzo umeileta wewe.

NESI WA ZAMU
Niseme ninachokiona, maana mnabishana namba na mimi nafuta sakafu. Muuaji mkubwa ni damu. Kanga imelowa, godoro limelowa, ukikadiria kwa macho unasema nusu lita, kumbe imefika lita. Utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, nasi Tanzania tulikuwamo pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, uliwawekea akina mama mfuko wenye alama za vipimo unaokinga damu. Ikifika kiwango, hatua zote zinafuatana bila kungoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kupunguza damu kutoka, dripu, kumkagua. Waliopoteza damu ya lita moja na kuendelea, waliopasuliwa au kufa kwa kutoka damu, ukiwajumlisha, walipungua kwa asilimia 60. Huko ni hospitali. Mimi oksitosini inataka friji ya nyuzi 2 hadi 8, na friji yangu inazima umeme ukizima. Umlete mama kwa faini, sawa. Nimkinge damu na nini?

CHANDARUA
Na bibi zetu je? Nao watozwe, au wana kazi?

NESI WA ZAMU
Kwangu yupo mmoja. Aliacha kuzalisha, sasa anawasindikiza. Anajua nani kakaribia, anamkurupusha mume alfajiri atafute usafiri, anaingia naye leba na kumkanda mgongo. Akiwa pale na mimi sauti yangu inashuka. Mama Wawili, nimekujibu kwa hasira kwa sababu niliwahi kumsemea binti vibaya saa tisa usiku. Hakunijibu kitu. Uso wake ninao mpaka leo.

MAMA WAWILI
Asante kwa kusema. Wangu wa pili ana miezi minne sasa. Hana kadi. Kwetu nako wamepitisha sheria kama ya Mjumbe.

MJUMBE WA KIJIJI
Hajachanjwa kabisa?

MAMA WAWILI
Hata moja.

NESI WA ZAMU
Dada, kesho mbebe uende kliniki. Chanjo ni bure. Wakikuuliza risiti, waambie umemleta mtoto, hukuja kulipa, na usitoke hapo mpaka achanjwe. Alizaliwa na kilo ngapi?

MAMA WAWILI
Hakupimwa. Kwa bibi hakuna mizani.