Ulinganisho: kipimo kipi kinabashiri vizuri mapato ya filamu ya mwendelezo?

Msomi_wa_Ujiji (mwanzisha mada)
Wakuu wa Kigoma, na ndugu zetu wa Tabora mliomo humu, habari zenu. Kikundi chetu cha ubashiri hapa Ujiji hukusanya karatasi kila filamu kubwa ya Marekani inapokaribia kutoka. Kila mtu anaandika mapato ya wikiendi ya kwanza huko kwao na jumla ya mwisho, na karatasi tunazifunga Alhamisi jioni. Ugomvi upo kwenye kipimo cha kutegemea: asilimia ya wahakiki, maneno ya kwanza ya mitandaoni, makadirio na tiketi za awali, au alama za watazamaji wanaotoka ukumbini. Naomba mnilinganishie, kwa filamu za mwendelezo tu.

Mwanga_Sokoni
Mkuu, karatasi yako inachanganya maswali mawili. Wikiendi ya kwanza ya mwendelezo hununuliwa na filamu iliyotangulia. Mtu aliyeipenda ile ya kwanza atakata tiketi hata wahakiki wakinuna. Jurassic World Dominion ya 2022 ilisifiwa na wahakiki wasiofika theluthi moja, na bado ilifungua kwa dola milioni 145 na kuvuka bilioni 1 duniani. Batman v Superman ya 2016 iliponda rekodi kwa ufunguzi wa milioni 166 wakati wahakiki wanaiponda yenyewe.

Tofauti huonekana baadaye. Chukua jumla ya Marekani, gawanya kwa wikiendi ya kwanza, utapata pumzi ya filamu. Batman v Superman iliishia milioni 330, pumzi 2 kamili haikufika, na wikiendi ya pili ilianguka kwa 69%. Top Gun: Maverick ilifungua kwa milioni 126.7, wikiendi ya pili ikashuka 29% tu, ikamaliza na milioni 718. Hiyo ni pumzi ya 5.7. Kwa hiyo tathmini za mapema zitumie kubashiri pumzi. Kwa ufunguzi, angalia tiketi.

Bi_Katubuka
Naongezea kwenye hiyo asilimia, maana ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya tathmini za wahakiki, haipimi filamu ni nzuri kiasi gani. Inahesabu wangapi wameipitisha, basi. Fanyeni hesabu hii kwenye karatasi: wahakiki 100, kila mmoja akitoa 6 kwa 10, ukurasa utaandika 100%. Filamu nyingine, 60 wakatoa 9 na 40 wakatoa 5, ukurasa utaandika 60%. Wastani wa ya kwanza ni 6, wa ya pili ni 7.4! Sasa hiyo ya pili ndiyo yenye watu 60 watakaowasimulia wenzao kazini na nyumbani, na hao ndio wanaoijaza wiki ya tatu.

Kwa hiyo kila mnapoona asilimia, tafuteni vitu viwili kando yake: wastani wa alama na idadi ya tathmini zilizohesabiwa. Tathmini 30 za saa za kwanza si msingi wa kubashiri. Mara nyingi waliotangulia kualikwa ni wapenzi wa aina hiyo ya filamu, na asilimia hushuka wengine wanapoingia. Subirini zivuke 150 hivi.

Mwalo_wa_Kibirizi
Maneno ya kwanza ya mitandaoni mimi nayaweka mwisho kabisa. Studio hutoa ruhusa kwa hatua mbili: kwanza walioalikwa wanaruhusiwa kuandika sentensi chache, siku kadhaa baadaye ndipo tathmini kamili zinafunguliwa. Hatua ya kwanza karibu yote ni sifa. Mwaloni, ukitaka kujua dagaa watauzwaje, huwezi kumwuliza mwenye mtumbwi peke yake.

Mfano mzuri ni ukumbi mmoja, miaka miwili mfululizo. Aprili 2022, kwenye mkutano wa wenye kumbi za sinema Las Vegas, walionyeshwa Top Gun: Maverick. Aprili 2023 wakaonyeshwa The Flash (si mwendelezo halisi, najua, ila imeshonwa juu ya filamu za nyuma). Sifa zilimwagika mara zote mbili. Ya kwanza watazamaji wa kawaida waliotoka ukumbini wakaipa A+ kwenye kura ya CinemaScore. Ya pili ikapata B, ikafungua kwa milioni 55 na wikiendi ya pili ikapoteza zaidi ya 70%. Ukisoma maneno ya Aprili peke yake huwezi kuzitofautisha.

Unyanyembe_TBR
Kaka Mwanga_Sokoni, hapo kwenye "ufunguzi hununuliwa na filamu iliyotangulia" sikubaliani nawe moja kwa moja. Joker ya 2019 ilifungua kwa milioni 96 na kupita bilioni 1. Mwendelezo wake ulionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice tarehe 4 Septemba 2024, ukaingia kumbini 4 Oktoba. Mwezi mzima watu wanasoma kwamba ni filamu ya nyimbo na mahakama. Makadirio yalianza karibu milioni 70, ufunguzi ukawa 37.7. Tena Indiana Jones and the Dial of Destiny: tamasha la Cannes 18 Mei 2023, kumbini 30 Juni, wiki sita za maneno ya uvuguvugu, ufunguzi milioni 60 kwa filamu iliyogharimu karibu milioni 300.

Kipimo changu ni siku kati ya tathmini za kwanza na tiketi ya kwanza. Zikiwa siku mbili au tatu, tathmini mbaya haziwahi kufika kwa watu kabla ya wikiendi. Zikiwa wiki nne, zinafika, hasa kama hadhira ni watu wazima wasio na haraka. Watoto hawasomi wahakiki.

Mwanga_Sokoni
Hapo umenishika, nakubali. Lakini angalia pia wikiendi ya pili ya hiyo Joker: ilianguka 81%, na watazamaji waliipa D. Kwa hiyo Venice haikuwasingizia. Wahakiki na watazamaji wakikubaliana kuwa ni mbaya, usiandike pumzi zaidi ya 1.8. Wakitofautiana, mfuate mtazamaji: Dominion ilipata A- na pumzi yake ikafika 2.6.

Msomi_wa_Ujiji
Nashukuru sana. Sasa hizo tiketi na hizo alama nitazipata saa ngapi, kwa saa zetu?

Bi_Katubuka
Mapato ya maonyesho ya awali ya Alhamisi usiku hutangazwa Ijumaa asubuhi yao, kwetu ni Ijumaa jioni. Alama za CinemaScore hutoka usiku wao wa Ijumaa, wewe unazikuta Jumamosi asubuhi. Makadirio ya wikiendi ni Jumapili jioni yetu, hesabu kamili Jumatatu usiku.

Onyo kuhusu Alhamisi: usizidishe mapato yake kwa namba moja ili kupata wikiendi ya kila filamu. The Marvels ilipata milioni 6.6 Alhamisi, wikiendi 46, yaani mara 7. Batman v Superman 27.7, wikiendi mara 6. Inside Out 2 ilipata 13 tu, ikafungua kwa 154, karibu mara 12! Familia haziendi sinema Alhamisi usiku, zinakwenda Jumamosi mchana. Mashabiki wa mashujaa ndio wanaokimbilia usiku wa kwanza, na tiketi zao za awali hukufanya uone mafuriko kumbe ni wale wale.

Mwalo_wa_Kibirizi
Na alama zisomwe kwa aina ya filamu. Waliokata tiketi usiku wa kwanza walishaipenda tangu trela, kwa hiyo B kwao ni malalamiko. The Marvels ilipata B na wikiendi ya pili ikaanguka 78%. Filamu ya watoto ikipata A, hiyo ni kawaida tu, usiipandishe.

Unyanyembe_TBR
Kalenda nayo msiisahau. Avatar: The Way of Water ilifungua Desemba 2022 kwa milioni 134, wengi wakasema imezama. Ilikuwa na A na sikukuu mbili mbele yake: ikaishia milioni 684 Marekani, pumzi 5.1. Ingetoka Oktoba na alama hiyo hiyo nisingeiandikia 5.

Msomi_wa_Ujiji
Basi nazigawa karatasi mbili. Ya ufunguzi inafungwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na mbashiri ajaze makadirio ya wiki hiyo, idadi ya tathmini na siku zilizopita tangu tathmini ya kwanza. Ya jumla inafunguliwa Jumamosi asubuhi alama zikishatoka, inafungwa Jumatatu kabla ya hesabu kamili. Safu ya maneno ya mitandaoni nimeifuta.

Bi_Katubuka
Ongeza safu ya wastani wa alama karibu na asilimia. Bila hiyo watarudi kuandika 100% na kushangilia.