Tupeane uzoefu: chaguo la matoleo ya maktaba lililopita bila kukaguliwa wakati wa kujenga GCC

Mtundamsimbo
Wakuu, salaam. Jana kijana mmoja kazini aliniuliza kwa nini kompaila yetu ya GCC (programu inayotafsiri msimbo kuwa amri za kichakataji) haina toleo hata moja la maktaba za Cortex-M, vichakataji vidogo vya ARM, ilhali amri ya kusanidi inaonyesha kwamba yaliagizwa. Tuliisoma tena na tena ndipo macho yakaona: imeandikwa `--with-multilib-lists`, yenye herufi moja ya ziada mwishoni. (Multilib ni maktaba ileile kutafsiriwa mara kadhaa, kila toleo kwa aina yake ya kichakataji.) Hakukutoka kosa wala onyo. Saraka kuu ya GCC imezima ukaguzi wa majina ya chaguo, kwa kuwa kila saraka ndogo ina chaguo zake ambazo ile kuu haizijui. Kwa hiyo neno lolote linaloanza na `--with-` hupita kama mgeni wa harusi asiyeulizwa kadi. Naomba waliowahi kukumbwa na mambo ya namna hii watusimulie, na watueleze walivyoyagundua.

Ngarawa
Kwangu ni upande wa x86. Unajenga kwenye mashine ya biti 64, mambo yanakwenda vizuri kwa muda mrefu, kisha ikifika zamu ya libgcc (maktaba saidizi ya GCC) ya biti 32 kazi inakatika kwa madai kwamba faili ya `gnu/stubs-32.h` haipo. Kwenye Debian dawa ni kusakinisha `libc6-dev-i386`. Kama huna haja na biti 32, andika `--disable-multilib`, lijengwe toleo moja tu la maktaba, uendelee na maisha.

Kidagaa
Naunga mkono. Mimi `--disable-multilib` huiweka kila mahali.

Mzee Linka
Ngarawa, matoleo ya miaka ya karibuni hayakuachi ufike huko. Ukijenga kompaila ya x86-64 kwa ajili ya Linux ileile unayoitumia, hatua ya kusanidi hutafsiri programu tupu kwa kompaila uliyonayo pamoja na `-m32`. Ikishindikana, inasimama na kukueleza kwamba inashuku mfumo wako hauna maktaba za biti 32, kisha inakupa njia mbili: andika `--enable-multilib` kama una hakika unazo, au `--disable-multilib` kama huzihitaji. Huo ndio ukaguzi ninaouita wa kiungwana, kwa sababu unafanyika mapema na unamwambia mtu la kufanya.

Bi Rejista
Ndugu Kidagaa, hilo neno lako «kila mahali» limenirudisha pabaya. Tulikuwa tunatengeneza bodi ya kupima kina cha maji kwenye matangi, yenye kichakataji cha Cortex-M3. Kompaila ya `arm-none-eabi` (ya bodi za ARM zisizo na mfumo endeshi) tuliirithi kutoka kwa fundi aliyekwisha kuondoka, na hakuna aliyeuliza ilijengwaje. Taa iliwaka, kipimo kilisoma, namba zikatoka, kila mtu akaridhika. Asubuhi ya siku ya kumwonyesha mteja, mwenzangu aliongeza sehemu ya kutuma ujumbe, ambayo ndani yake ilikuwa na wito wa `memcpy`, kazi ya maktaba ya kunakili data, wa ukubwa usiojulikana hadi programu inapoendeshwa, na bodi ikafa mbele ya watu waliovaa suti. Ukiizima na kuiwasha, inafika palepale na kufa tena. Mteja akauliza kama ni umeme. Bosi akajibu kwa haraka kwamba naam, ni umeme, na nadhani mteja yule anaamini hivyo mpaka leo.

Usiku nilikaa na GDB, programu ya kuchunguza hitilafu. Rejista ya hitilafu iliyoko anwani 0xE000ED28 ilisomeka 0x00020000, maana yake kichakataji kimeamriwa kuingia katika hali ambayo hakina. Cortex-M3 inaelewa amri za Thumb, seti ya amri fupi za ARM, peke yake. Hali ya ARM ya zamani haimo kabisa. Nilipoendesha `readelf -A`, inayoonyesha faili ilitafsiriwa kwa usanifu gani, juu ya `libc.a`, yaani maktaba ya C, ilijibu kwamba usanifu ni v4T, ule wa ARM ya zamani. Kumbe kompaila ile ilijengwa kwa `--disable-multilib`, bila `--with-cpu` wala `--with-mode` (chaguo za kutaja kichakataji na aina ya amri), kwa hiyo ilikuwa na toleo moja tu la maktaba, lile la msingi, lililotafsiriwa kwa amri za ARM. Msimbo wetu ulikuwa Thumb kama tulivyoagiza, lakini wito wa kwanza wa kwenda kwenye maktaba ulitupeleka mahali ambapo kichakataji hakiwezi kusimama. Haikufa mapema kwa sababu programu ya awali haikuwa imeita maktaba. Unakili mdogo wa ukubwa unaojulikana, kompaila huuandika yenyewe papo hapo.

Ngarawa
Eti umeme! Dada, bosi huyo bado yupo? Na mteja alilipa?

Bi Rejista
Alilipa, tena akatununulia na kifaa cha kusawazisha umeme.

Ngarawa
Sasa hapo ndipo ninapotaka kuandikiwa kisa kizima.

Shemeji wa Kerneli
Turudi kwenye mada. Kisa cha dada kinasikitisha, lakini sioni kinahusiana vipi na ukaguzi. `--disable-multilib` ni chaguo halali, limeandikwa bila kukosea, na mfumo umetekeleza ulichoagizwa. Mnataka kompaila isome mawazo ya mtu?

Bi Rejista
Shemeji, sikusema chaguo ni batili. Nimesema kila chaguo likikaguliwa peke yake linapita, na madhara yanatokana na namna yalivyokutana. Kompaila inayokubali `-mcpu=cortex-m3`, ikakosa maktaba inayolingana, kisha ikachukua ya msingi bila kusema neno, hiyo imenificha jambo.

Mzee Linka
Hapo Bi Rejista ana hoja, na mifano imo humohumo ndani ya GCC. Kwa ARM, ukiomba `--with-multilib-list=rmprofile`, yaani matoleo ya Cortex-R na Cortex-M, halafu ukaongeza `--with-cpu` au `--with-float`, faili ya `config.gcc` inakataa mchanganyiko huo. Kwa RISC-V, familia nyingine ya vichakataji, ukiandika `--with-arch=rv32imac` pamoja na `--with-abi=ilp32d`, unakataliwa, kwa kuwa `ilp32d`, kanuni ya jinsi sehemu za programu zinavyoitana, inadai rejista za desimali ambazo usanifu huo hauna. Tena RISC-V imekwenda mbele zaidi: matoleo yake mapya yakikosa maktaba inayolingana na ulichoomba, yanasimama na kutangaza kosa badala ya kuchukua ya msingi.

Kinachoniudhi mimi ni mahali. `config.gcc` husomwa na saraka ndogo ya `gcc`, ambayo husanidiwa baada ya kuanza `make`. Unaweza ukaandika `m46` badala ya `m64` kwenye orodha ya multilib ya x86, hatua ya kwanza ikaisha kwa amani, ukaondoka kwenda kula, ukarudi na kukuta imegoma zamani.

Shemeji wa Kerneli
Nakubali kuhusu mahali, ila sikubali ukali. Anayejenga kompaila ya hatua ya kwanza kwa ajili ya mashine nyingine hana maktaba ya C hata moja, kwa sababu kompaila hiyohiyo ndiyo itakayoijenga. Ukaguzi ukidai faili za vichwa wakati huo, mtu huyo hataanza kazi.

Mzee Linka
Ndiyo maana ule wa `-m32` hufanyika tu pale mashine ya kujengea na ya kulengwa ni ileile, na tena kama hujataja lolote kuhusu multilib. Ukiandika `--enable-multilib`, unaachwa upite kwa hiari yako.

Pwaguzi
Hamieni Clang, mshindani wa GCC: kompaila moja inalenga vichakataji vyote.

Mtundamsimbo
Kompaila ni moja, sawa, lakini maktaba za kila kichakataji bado ni juu yako kuzijenga, na kwa bodi zisizo na mfumo endeshi utaandika `multilib.yaml`, faili ya kuorodhesha matoleo hayo, mwenyewe. Kosa la tahajia litakufuata.

Ngarawa
Ushauri wangu ni kuangalia `gcc -v`. Mstari wa usanidi unaonyesha chaguo zote zilizotumika.

Mtundamsimbo
Kaka, huo mstari unaonyesha ulichoandika. Kwetu `--with-multilib-lists` ilikuwa imekaa pale kwa heshima zote. Kinachosema ukweli ni `-print-multi-lib`, inayoorodhesha matoleo ambayo kompaila inayajua. Kisha ingia kwenye saraka zenyewe uhakikishe kwamba `libc.a` ipo katika kila moja.

Pwaguzi
Au nunua bodi kubwa uweke Linux, ulale.

Kidagaa
Nimeendesha `-print-multi-lib` sasa hivi. Imejibu `.;` basi, yaani toleo la msingi peke yake. Bodi yangu ni Cortex-M0 na haijawahi kunisumbua. Niiache?

Shemeji wa Kerneli
Kitu kinachofanya kazi hakiguswi.

Bi Rejista
Usimsikilize Shemeji. Endesha `readelf -A` juu ya `libc.a` yako; ukiona v4T bila `--with-mode=thumb` katika usanidi, jenga upya kwa `rmprofile`, ingawa itachukua muda kwa kuwa matoleo ni mengi. Kama bodi zako zote ni Cortex-M0, basi hata `--disable-multilib` yako inaweza kubaki, mradi uiambatanishe na `--with-cpu=cortex-m0` na `--with-mode=thumb`.

Kidagaa
Imejibu v4T. Naanza kujenga.