Mrejesho: Hilux inayovuta upepo

Assalamu alaykum mafundi. Ile Hilux ya injini ya dizeli aina ya 2L niliyoiulizia, inayowaka kwa tabu asubuhi na kukosa nguvu kwenye vilima vya njia ya Wete, imepata nafuu. Ahsante sana aliyesema niinyweshe dizeli moja kwa moja kutoka kwenye dumu: ilivuta vizuri, pampu ya dizeli ikatoka lawamani (na fundi alishataka kuishusha!). Tuliporudisha tangi na kufunga mpira unaoonesha ndani, mapovu ya upepo yakaonekana kwenye dizeli kabla ya filta. Bomba la kutoka tangini limeliwa na kutu, chumvi hii ya Pemba. Tumelibadilisha, tukatoa upepo uliobaki kwenye njia ya dizeli. Filta mpya haikusaidia kitu. Moshi mweupe wa asubuhi bado upo; plagi za kupashia moto sijazipima.