Nasahau ovyo, je, ndio mwanzo wa ule ugonjwa?

MamaBelo: Hamjambo. Nina miaka 54, nauza mitumba Gikomba. Tangu Aprili akili inanihama. Jana nimemrudishia mteja chenji mara mbili, jioni nikasimama mjini nisijue matatu za Donholm napandia wapi. Nyumbani hakuna aliyegundua, ni mimi tu najiona. Nimwandikie mpwa wangu kibanda mapema kabla sijaharibika?

Kamongo: Chenji mara mbili? Uko laini gani nikuje kesho 😂

ShoshoMdogo: Ni hizi simu. Zamani nambari zote zilikuwa kichwani, leo hata ya bwanangu siijui. Omba sana, dada.

Sindano: Muuguzi hapa. Kujishuku kabla wengine hawajaona si jambo la kupuuza. Wataalamu walikubaliana vigezo vya kuitambua hali hiyo 2014. Lakini wengi wanaojishuku hivyo hawaishii kwenye dimenshia, huo ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu unaouogopa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kuzembea, huzuni, usingizi mbovu, vyote husahaulisha na vyote vina tiba. Unameza dawa gani?

MamaBelo: Hakuna.

Sindano: Hakuna kabisa?

MamaBelo: Vile vidonge vidogo vya manjano vya mafua tu, viwili kila usiku. Mzee wangu alituacha Machi, bila hivyo nakesha. Hiyo si dawa, inauzwa kila mahali. Na kwa wakili nishaenda, nimebakisha sahihi. Niambieni tu nitamwelezaje binti yangu.

Sindano: Pole sana, mama. Hivyo vidonge huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo hutumia kukumbuka. Sahihi ingoje. Ona daktari, na hivyo vidonge umpelekee mkononi.

BabaWawili: Babangu aliambiwa na daktari achore saa, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Mzee akaweka mshale mfupi kwenye 5! Daktari alitaka kwenye 11, akamkata alama. Tulibishana hapo nusu saa. Mzee bado anatushinda bao.

FisiMaji: Hii hadithi imetungwa. Mtu asiyekumbuka stejini anakumbukaje nywila ya kuingia humu? Huyo ni mpwa anatafuta kibanda.

Kamongo: 😂😂 Fisi ameona mbali. Mpwa, jitokeze.

ShoshoMdogo: Na kama ni kweli? Mwacheni mama wa watu.

MamaBelo: Nywila iko kwa simu, aliiweka binti yangu. Naomba tu asipitie humu kabla ya Ijumaa.

Sindano: Ijumaa kuna nini, mama?