Mdogo wangu anakula vyenye maganda tu. Nianzie wapi?

Dada wa Mbagala (mtoa mada):
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 21, yuko mwaka wa pili chuo hapa hapa Dar, tunaishi naye kwa mama. Tangu mwezi wa pili amekuwa siyo yeye. Aliacha mpira wa jioni, tukasema masomo. Akaacha kupiga pasi, na huyu alikuwa anapiga pasi mpaka bukta! Usiku anazunguka chumbani. Matokeo yakatoka, ana sapu nne (mitihani ya kurudia). Sasa wiki ya tatu hali kitu nyumbani isipokuwa yai la kuchemsha na ndizi. Nilipombana akaninong'oneza kwamba chenye ganda hakuna anayeweza kukitia kitu. Kamera ya simu kaibandika plasta.

Mjomba anasema karogwa, ameshamtaja mtaalamu wa Bagamoyo na laki tatu zake. Mama analia tu. Mimi nimekutana mtandaoni na neno skizofrenia, ugonjwa wa akili, usingizi umekata. Ndiyo dalili zake hizi? Nawasilisha, matusi kaeni nayo.

Kijiwe Nongwa:
Bangi hiyo. Mpelekeni Milembe, hospitali ya vichaa Dodoma, akapumzike 😂

Sista Mstaafu:
Kwa mizaha kama hii ndiyo maana watu wanafungia wagonjwa ndani. Dada, nimefanya kazi wodi ya akili miaka mingi. Jina la ugonjwa atalitoa daktari, siyo mimi hapa. Lakini uliyoandika ndiyo ndugu walikuwa wakituhadithia, ila wao waliyakumbuka mgonjwa ameshavua nguo barabarani. Skizofrenia kwa wanaume mara nyingi huanza kati ya miaka ya mwisho ya ujana na ishirini na kitu, wanawake huchelewa kidogo. Na mara nyingi haianzi na sauti. Mtu anajitenga, usingizi unavurugika, masomo yanashuka, msafi anaacha kuoga, halafu shuku zinaingia. Moja moja ni mambo ya vijana (wangu haogi bila kelele). Yakija kwa pamoja, yakazidi wiki hadi wiki, hapo usingoje. Msikilize kama anamjibu mtu usiyemwona, au anadai mtangazaji wa redio anamsema yeye.

Huyo wa bangi hajakosea yote. Bangi inaongeza hatari, hasa kwa aliyeianza mdogo. Muulize bila kufoka. Daktari naye atataka kupima malaria, VVU, kaswende na tezi ya shingo, maana yapo ya mwili yanayovuruga akili vilevile.

Baba Nasri:
Mimi majini naamini yapo, sitadanganya. Lakini kaka yetu tulimzungusha Tanga na Bagamoyo mwaka na nusu, tukauza kiwanja chake cha Chanika. Alipofikishwa hospitali akaanza dawa, baada ya wiki kadhaa akawa analala, anaongea vizuri. Siku moja akaniuliza kiwanja kinaendeleaje. Kisomo mfanyieni, hakuna anayekataza, ila hospitali itangulie.

Fundi Redio:
Mimi ugonjwa huo ninao, mwaka wa tisa huu, nameza dawa na kazi nafanya. Usibishane naye habari za sumu, wala usimkubalie. Mwambie tu, "naona una hofu, na hulali." Ukimwambia anaumwa akili atakukimbia, lakini usingizi anautamani. Dada yangu alinipata hivyo hivyo. Akitaja kujiua, au sauti zikimtuma amdhuru mtu, msisubiri kukuche, mpelekeni emajensi.

Dada wa Mbagala:
Asanteni sana. Nianze moja kwa moja Muhimbili?

Sista Mstaafu:
Anza hospitali ya rufaa ya mkoa. Kuna Amana, Mwananyamala na Temeke, kwenu Temeke ndiyo jirani. Wakiona haja watawapa rufaa ya Muhimbili. Chukua daftari uandike lini aliacha mpira, lini mayai yalianza. Mbele ya daktari utasahau nusu.

Dada wa Mbagala:
Mrejesho. Jana saa tisa usiku nimemkuta sebuleni kwenye giza. Nikamwambia maneno ya Fundi yale yale. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama hospitali wana dawa ya usingizi ambayo paketi yake haijafunguliwa na mtu. Nikamwambia ataifungua mwenyewe. Tunakwenda Jumatatu. Mjomba hatujamwambia.