Tozo za UKIMWI: zinunue dawa tu, au zilipie na njia mpya za huduma?

Wakuu, habari zenu. Naomba tulijadili hili bila ushabiki wa vyama.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, PEPFAR, mpango wao wa kufadhili mapambano ya UKIMWI, ilitikisika, na kwetu Tanzania huduma za VVU zilikuwa zimeegemea huko kwa muda mrefu. Bajeti ya 2025/26 ikaja na tozo kwenye mafuta, bia, madini na tiketi: asilimia 70 Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI, 30 Bima ya Afya kwa Wote. Naipongeza Serikali, ingawa tumechelewa. Zimbabwe wana kodi ya UKIMWI ya asilimia 3 tangu 2000.

Sasa wengi wanasema fedha hizi zinunue ARV (dawa za kufubaza VVU) kwanza, ubunifu usubiri. Hoja yao ina uzito, maana mtu akikatiza dawa virusi vinapanda tena. Lakini misaada iliposimama, walioondoka mapema ni watu: waelimishaji rika na wahudumu wa jamii waliolipwa na miradi. Hao ndio waliokuwa wakimpigia simu aliyekosa tarehe ya CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), na kumfuata kwake asipopokea. Dawa iliyo stoo haiwezi kumtafuta mvuvi wa Ukerewe aliyehamia kambi nyingine kufuata samaki.

Mvuvi huyo, kama virusi vyake vimefubaa, apewe dawa za miezi 6 kwa mkupuo. Utaratibu huo upo tayari, ila unadai MSD (Bohari ya Dawa) iwe na akiba kubwa mapema, na akiba ni fedha. Kwangu hapa ndipo tozo ingefanya kazi kubwa kuliko kujenga ofisi au kugharamia semina.

Kwenye kinga ipo lenacapavir, sindano ya mara 2 kwa mwaka. Katika utafiti wa Afrika Kusini na Uganda, kati ya wanawake na wasichana 2,134 waliochomwa hakuna aliyeambukizwa. Toleo la viwanda vya India limetangazwa kwa takriban dola 40 kwa mtu kwa mwaka kuanzia 2027. Tusisubiri mfadhili atuchagulie nani aipate.

Pendekezo langu: sheria itenge asilimia 20 ya fedha za Mfuko kwa wahudumu wa jamii, dawa za miezi 6 na sindano hii. Anayeona 20 ni nyingi, atuambie nani atawalipa wale waelimishaji rika.